Handibreki imegoma kuachia kwenye Corolla ya zamani: tatizo liko kwenye waya au ndani ya dramu?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Pangani. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, gia ni otomatiki na breki za nyuma ni za dramu. Wakati wa masika niliacha gari uani kwa wiki kadhaa, handibreki ikiwa imevutwa. Nilipotaka kuondoka likagoma, kisha likatoa mlio mkubwa nyuma ndipo likatembea. Tangu siku hiyo gari ni zito, gurudumu la nyuma kushoto linatoa harufu ya kuungua, na rimu yake haishikiki kwa joto. Fundi ameniandikia orodha: nyaya zote mbili za handibreki, breki shoo, wili silinda zote mbili na masta silinda. Je, vyote hivi vimekufa kwa pamoja? Na ninaweza kuliendesha hivyohivyo hadi Tanga mjini?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa usumbufu.

Nianze na orodha ya fundi wako. Kila alichoandika kinaweza kushikisha gurudumu la nyuma, kwa hiyo hajakudanganya. Ila ameandika vinavyoweza kuharibika, hajatafuta kilichoharibika, na gharama ya kutotafuta inaangukia mfukoni mwako. Maelezo yako mwenyewe yameshaifupisha orodha hiyo. Gurudumu linalochemka ni moja tu. Masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga mguu, ikishindwa kurudisha mafuta haichagui gurudumu moja. Katika gari kama lako, ambalo mabomba ya breki yamepishana, yaani gurudumu la mbele la upande mmoja linatumia njia moja na la nyuma la upande wa pili, ungeona angalau la mbele kulia nalo linachemka. Kwa hiyo masta silinda iondoe kwenye orodha kwa sasa. Wili silinda ya kulia na waya wa kulia navyo viache vipumzike mpaka vipatikane na kosa.

Sasa tuone kilichomo. Ukivuta mkono wa handibreki, unavuta waya unaokwenda kwenye kipande cha chuma kinachogawa nguvu kushoto na kulia. Kutoka hapo kila gurudumu la nyuma lina waya wake. Waya unaingia ndani ya dramu na kuvuta mkono mdogo wa chuma uliofungwa kwa pini kwenye shoo ya nyuma (shoo ni vyuma viwili vilivyopinda, vyenye lainingi, yaani tabaka la kusugua dramu). Mkono huo mdogo unasukuma chuma chenye ajasta, yaani kirekebishi cha nafasi ya shoo, nacho kinasukuma shoo ya mbele, na shoo zote mbili zinabana dramu kwa ndani. Breki ya mguu inatumia shoo hizohizo, tofauti ni kwamba yenyewe inazisukuma kwa mafuta kupitia wili silinda iliyoko juu. Hapo ndipo ugumu ulipo: shoo zilizoshikwa na waya na shoo zilizoshikwa na mafuta, ukiwa nje, zinafanana kabisa. Harufu ni ileile, joto ni lilelile.

Jambo la pili la kulijua ni hili: wakati wa kuvuta, waya unapata nguvu yote ya bega lako. Wakati wa kuachia, unarudishwa na springi peke yake. Waya ulioanza kushika kutu utavutika vizuri tu, wala hutahisi chochote mkononi, lakini springi haitaweza kuurudisha. Ndiyo maana dereva anaapa kwamba handibreki ameishusha, na ni kweli ameishusha, huku gurudumu bado limebanwa. Taa nyekundu ya dashibodi nayo isikupe faraja. Inawashwa na swichi iliyo chini ya mkono wa handibreki, pamoja na kipimo cha mafuta ya breki kwenye kopo. Ikizimika imekuambia mkono umeshuka na mafuta yapo. Habari za shoo haizijui.

Ule mlio uliousikia unajulikana. Shoo zikikaa zimebanwa kwenye dramu yenye unyevu, na hewa ya bahari ya Pangani ina chumvi, kutu huota kati ya chuma cha dramu na lainingi ya shoo, vikagandana. Gari likilazimishwa, vinaachana kwa kishindo. Mara nyingi shida huishia hapo, na baada ya kukanyaga breki mara chache kutu hufutika. Kwako haikuishia hapo, kwa hiyo nina mashaka na mambo mawili. Ama waya wa kushoto umeshika kutu ndani ya ganda lake, ama lainingi imebanduka kwenye chuma cha shoo wakati wa kile kishindo na kipande kimejikunja ndani. Ukisikia kitu kikikwaruza au kugongagonga gurudumu linapozunguka, la pili ndilo lenye uzito. Ukiona hivyo, usiendelee na vipimo vyovyote vya barabarani. Fungua dramu.

Kama hakuna mkwaruzo, pima kwa utaratibu huu, na kila hatua iwe na jibu kabla ya kwenda nyingine. Gari liwe kwenye usawa, limepoa, gia iwe P, na magurudumu yote mawili ya mbele yawekewe mawe au kabari mbele na nyuma. Corolla yako inavutwa na magurudumu ya mbele, hivyo P inayashika hayo na ya nyuma yanabaki huru kuzungushwa. (Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma litakudanganya hapa, kwa sababu gia yenyewe itayashika, hilo linahitaji gia huru, na kabari za uhakika zaidi.) Inua nyuma kwa jeki, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shusha handibreki mpaka chini, zungusha gurudumu la kulia kwa mkono, halafu la kushoto. Unatafuta tofauti kati yao. Sauti ndogo ya shoo kugusagusa ni ya kawaida kwenye dramu. Gurudumu linalosimama mara tu unapoliachia si la kawaida. Likizunguka laini lakini likavuma au likacheza ukilitikisa juu na chini, hiyo ni beringi, na joto la beringi huanzia katikati ya gurudumu.

Sasa mtenganishe mguu na mkono. Bila kugusa handibreki, mtu akanyage breki kwa nguvu mara mbili tatu na kuachia, nawe uzungushe tena la kushoto. Kama lilikuwa jepesi na sasa limekuwa zito, kosa liko upande wa mafuta: wili silinda imeganda, au paipu ya mpira imevimba kwa ndani na inapitisha mafuta kwenda lakini hairuhusu yarudi. Kama mguu haukubadilisha kitu, avute handibreki jino moja, uzungushe, jino la pili, uzungushe, mpaka libane, kisha aishushe. La kulia likiachia papo hapo na la kushoto likabaki limebanwa, unajua kosa liko upande wa handibreki. Bado hujajua ni waya au ni mkono mdogo ulio ndani ya dramu.

Cha kutenganisha hivyo viwili ni nati ya kurekebishia waya, iliyoko karibu na mkono wa handibreki, chini ya kile kifuniko cha plastiki katikati ya viti. Ilegeze mpaka waya ulegee kabisa. Kisha ingia chini, shika waya wa kushoto karibu na unapoingilia kwenye dramu, na uusukume kuelekea kwenye gurudumu. Ukiona waya umerudi kidogo na gurudumu likawa jepesi, umempata mwizi, ni waya. Ukilegeza nati tu na gurudumu likaachia bila kusukuma chochote, huenda waya ni mzima ila ulikazwa kupita kiasi, na hilo nina mengi ya kulisema hapa chini. Waya ukiwa umelegea kabisa na gurudumu bado limeshika, kosa liko ndani ya dramu au kwenye mafuta.

Hapo kipimo cha mwisho ni nipo ya kutolea upepo, nyuma ya gurudumu. Vaa miwani, ifungue nusu mzunguko huku gurudumu likiwa limeshika. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia hapohapo, yalikuwa yamenaswa njiani. Yakichuruzika taratibu na gurudumu likabaki vilevile, mafuta hayakunaswa, mna kazi ya kufungua dramu. Baada ya kipimo hiki funga nipo, ongeza mafuta na toa upepo kama ilivyo ada.

Ukiwa hapo tazama mafuta yenyewe. Gari la umri huu limepita mikononi mwa watu wengi, na wapo wanaojaza kopo la breki kwa mafuta ya stelingi au oili ya injini. Mafuta hayo huvimbisha mipira yote ya breki, ikashika. Kupima ni rahisi: dondosha matone machache kwenye glasi ya maji. Mafuta halali ya breki, yale ya DOT 3 yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, huchanganyika na maji. Oili huelea juu. Ikielea, basi Mwalimu, orodha ya fundi wako imekuwa sahihi, tena fupi, kwa sababu kila mpira unaogusa mafuta hayo lazima utoke na mabomba yaoshwe. Lakini kwa gurudumu moja linalochemka sitarajii hilo.

Nirudi kwenye waya uliokazwa kupita kiasi, kwa sababu hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko kutu. Lainingi zinapoisha taratibu, mkono wa handibreki huanza kupanda juu zaidi kabla ya kushika. Dereva analalamika, fundi anakaza nati ya waya, mkono unarudi chini, kila mtu anafurahi, kazi imechukua dakika tano. Tatizo ni kwamba nati ile haikuwekwa kwa ajili ya kufidia shoo zilizoisha. Kazi hiyo ni ya ajasta iliyo ndani ya dramu, inayojisogeza yenyewe kadiri shoo zinavyoliwa. Ili ijisogeze, ule mkono mdogo wa chuma lazima urudi mpaka kwenye kituo chake kila unapoachia. Waya uliokazwa unauzuia kurudi. Ajasta inaacha kufanya kazi, mguu wa breki unaanza kuzama, handibreki inapanda tena, na fundi anakaza tena. Mwisho wake shoo zinagusa dramu muda wote. Gari linakunywa mafuta, nyuma kunanuka, na mwenye gari anauziwa shoo mpya zinazofungwa kwenye waya uleule uliokazwa. Sasa shoo mpya ni nene zaidi, kwa hiyo zinabana zaidi! Kama ulibadilisha shoo hivi karibuni na shida ikaanza baada ya hapo, anzia kwenye nati.

Utaratibu sahihi ni kinyume. Waya hulegezwa kwanza. Ajasta husogezwa mpaka shoo ziguse dramu kidogo, kisha zirudishwe mpaka gurudumu lizunguke huru. Breki ya mguu hukanyagwa mara kadhaa ili shoo zikae katikati. Nati ya waya huguswa mwisho kabisa, na inakazwa mpaka handibreki ishike kati ya meno 5 na 8 hivi, huku mkono ukishushwa magurudumu yote mawili yawe huru. Fundi akianza na nati, mwombe kwa heshima aache.

Kufungua dramu kwenye Corolla si vita, ingawa wengi wameigeuza kuwa vita. Dramu ikigoma, kwanza hakikisha waya umelegezwa na ajasta imerudishwa nyuma kupitia tundu dogo la bamba la nyuma lenye kizibo cha mpira. Dramu iliyotumika muda mrefu huwa na ukingo wa ndani ambao haujaliwa, na shoo hunasa hapo. Kisha tazama uso wa dramu: kuna matundu mawili yenye nyuzi za bolti. Si mapambo. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza moja kidogo, kaza nyingine kidogo, kwa zamu, na dramu itajisukuma yenyewe nje. Nyundo iguse taratibu uso wa dramu katikati ya bolti za gurudumu, kulegeza kutu tu. Kupiga ukingo wa nje ni kuuvunja, kwani ni chuma cha kuyeyusha.

Dramu ikishatoka, fundi asipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto, na hata zisipokuwa nayo vumbi hilo si la kuvuta. Maji ya sabuni na brashi vinatosha. Kisha amwambie mtu apige picha kwa simu kabla ya kufungua springi hata moja, maana vyuma vya ajasta vya kushoto na kulia vina nyuzi zinazokwenda kinyume na vikipishanishwa havijirekebishi.

Mambo ya kutazama si mengi. Lainingi imebanduka au imebaki na unene wa chini ya milimita 1? Shoo mpya, na ziwe za magurudumu yote mawili, la sivyo gari litavuta upande. Hapa ndipo vitu vya kulia vinapoingia kihalali. Mkono mdogo wa chuma, ukiusogeza kwa kidole, unacheza kwenye pini yake au umegandamana? Kama umegandamana, usafishwe kwa msasa na upakwe grisi. Bamba la nyuma, pale shoo zinapolalia, limechimbika mifereji? Shoo hunasa humo na kukataa kurudi; mifereji midogo husuguliwa, na grisi kidogo ya breki isiyoyeyuka kwa joto hupakwa, ncha ya kidole tu. Grisi ya kawaida ya beringi hapo itayeyuka na kumwagikia lainingi. Funua kidogo mpira wa wili silinda. Pakiwa na unyevu wa mafuta, ile imevuja na hubadilishwa. Springi zilizobadilika rangi kuwa bluu zimeungua na zimepoteza nguvu.

Ukija kugundua kwamba ni waya, nunua wa upande huo, na nenda dukani na wa zamani mkononi, kwa sababu urefu wa kushoto na kulia huweza kutofautiana na matoleo ya Corolla ni mengi. Utaona ganda limepasuka mahali, mara nyingi pale linapopinda juu ya ekseli. Kuumiminia waya huo oili nimeona watu wakifanya, na utafanya kazi siku chache. Maji yanayopitia kwenye ufa yatarudi.

Magari yenye diski nyuma yana habari tofauti kidogo. Mengine yana shoo ndogo ndani ya diski, na vipimo hivi vinafaa vilevile. Mengine waya unavuta mkono ulio kwenye kalipa yenyewe, yaani kibano kinachobana diski. Hapo tazama kama mkono huo unarudi mpaka kwenye kituo chake.

Kwa siku zijazo: gari likikaa uani kwa wiki kadhaa kwenye usawa, weka P, weka mawe, na handibreki iache chini. Usiivute pia baada tu ya kuosha gari au kupita kwenye maji mengi. Endesha kidogo ukikanyaga breki zikauke. Huko Japani ambako gari lako lilianzia, wenyeji wa mikoa ya theluji nao huiacha chini usiku wa baridi kali, kwao hugandishwa na barafu. Ila siku za kawaida itumie. Madereva wengi wa otomatiki hawaigusi mwaka mzima, wakiamini P inatosha, na waya usiotembea ndio unaoganda kwanza. Kwenye mteremko tena ni lazima: kanyaga breki, vuta handibreki, gari lilale juu yake, ndipo uweke P.

Kuhusu kuliendesha hadi Tanga hivyo lilivyo, hapana. Dramu iliyochemka huchemsha mafuta ya breki kwenye wili silinda, mguu ukazama pale unapouhitaji, na joto la rimu huharibu tairi. Fundi aje hapo uani, alegeze ile nati. Gurudumu la kushoto likizunguka huru baada ya hapo, bila mkwaruzo, na breki ya mguu ikiwa imara, unaweza kwenda polepole bila handibreki kabisa, ukiwa na jiwe la kuwekea gurudumu kila unaposimama. Simama baada ya kilomita chache na usogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ikiwa na joto kuliko ya kulia, geuza gari urudi nyumbani, au omba libebwe juu ya lori magurudumu yote manne yakiwa yameinuliwa.